Magic Ikinyamaza, Usishangilie Bado

Kitu cha kwanza nilichokichora kwa ajili ya chipu kilikuwa geti moja la kugeuza (ikiingia sifuri inatoka moja, ikiingia moja inatoka sifuri), transista mbili tu, na kilinila wikiendi nzima. Nilitumia Magic, programu ya bure ya kuchorea chipu, iliyozaliwa Berkeley, California, miaka ya 1980, mikononi mwa John Ousterhout na wanafunzi wake. Sura yake ni ya kizee. Hata kipanya kina mambo yake: kitufe cha kushoto kinaweka kona ya chini ya kisanduku, cha kulia kona ya juu, halafu ndipo unapaka rangi. Usiikimbie kwa hilo. Ukipitisha rangi nyekundu, yaani polisilikoni, juu ya kijani, yaani eneo la silikoni lililotiwa kemikali ili lipitishe umeme, yenyewe inajua hapo pana transista.

Tena ni kali. Inakagua kanuni za kiwanda kitakachotengeneza chipu huku unachora; ukikosea, vidoti vyeupe vinatokea palepale. Kwenye teknolojia ya nanomita 130 ya SkyWater, kiwanda cha chipu cha Marekani, iliyofunguliwa kwa umma mwaka 2020, waya wa metali ya kwanza haupaswi kuwa mwembamba kuliko mikromita 0.14, na nafasi kati ya nyaya ni hiyohiyo. Zungushia vidoti kisanduku, andika "drc why", utaambiwa kosa lako.

Basi nikavimaliza vidoti vyote, nikalala na furaha. Kesho yake nikalijaribu geti langu kwa ngspice, programu ya kuigiza sakiti kwenye kompyuta: volti 1.8 tu upande wa kutokea, niingize sifuri, niingize moja. Nusu siku nazilaumu modeli za transista! Kumbe waya wa kutokea ulikuwa umeipanda reli ya umeme, ule waya mkuu unaoleta volti 1.8. Nyaya zikikaribiana mno, Magic inapiga kelele. Zikigusana kabisa, kwake huo ni waya mmoja mnene, kosa liko wapi?

Siku hizi naanza na karatasi na penseli za rangi, mistari mitupu bila vipimo. Kisha kila kipande kidogo nikikimaliza, natoa orodha ya miunganisho kwa "extract all" na "ext2spice", naipa programu nyingine, Netgen, ilinganishe na sakiti niliyoikusudia. Kidogo, nasisitiza. Ukingoja ufikishe transista mia mbili, utaambiwa tu hazilingani, ukeshe unatafuta.

Na kuna ukaguzi wa sekunde tano ambao laiti ningeujua wikiendi ile: weka mshale juu ya waya wa kutokea, bonyeza herufi s mara tatu. Kila kilichoungana nao kitaonyeshwa. Ukiona na reli ya umeme imo, umeshampata mchawi wako.