Re: Shamba la bei nafuu la kuhamia, karibu na Mwanza

Mkuu, umeuliza kama ekari tano za kujenga, kulima na kufuga zinapatikana kwa bei nafuu jirani na Mwanza. Zipo, ila achana na Kisesa na Usagara, huko siku hizi ni viwanja. Ingia ndani Kwimba, Misungwi au Magu, mbali na lami. Sengerema pia pazuri, lakini tangu Daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025 madalali wa kule wamechangamka kweli.

Nenda ukalione shamba masika. Udongo mweusi wa mbuga kiangazi unapendeza macho. Mvua ikikolea unageuka jaruba. Mpunga utavuna, lakini kuta za nyumba zitapasuka. Na waulize kina mama wanachota maji wapi mwezi wa tisa.

Ukitamani ufukweni, sheria ya mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ziwani.

Karatasi ya mwenyekiti wa kitongoji peke yake haitoshi. Dai muhtasari wa halmashauri ya kijiji wenye mhuri, na majirani wa mipakani wasaini. Dalali akikuharakisha, mwache aende zake.