Maswali ya Wasomaji: Bodi ya Maktaba Wakati wa Janga

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni Mtanzania ninayeishi katika mji mdogo wa jimbo la Iowa, Marekani. Nimeteuliwa hivi karibuni kuwa mjumbe wa bodi ya maktaba ya umma ya mji wetu, ingawa sikusomea ukutubi. Katika kikao kijacho tutapitia mpango wa dharura ulioandikwa wakati wa UVIKO-19, na baadhi ya wenzangu wanaona kazi hiyo ni ya mkutubi mkuu peke yake. Je, bodi ina nafasi gani maradhi yanapoifunga milango ya maktaba?

JIBU: Ndugu msomaji, wenzako wana haki kwa kiasi fulani, kwa sababu kupanga zamu za watumishi na kuamua meza ikae wapi si kazi ya bodi. Hata hivyo, yako mambo ambayo mkutubi mkuu hawezi kuyaamua bila ninyi, nayo ni mamlaka ya kufunga na kufungua, uhamishaji wa fedha katika bajeti, malipo ya watumishi na kulegezwa kwa kanuni.

Tarehe 17 Machi 2020 Chama cha Maktaba cha Marekani kilizishauri maktaba zifungwe kwa umma. Huo ulikuwa ushauri tu, na uamuzi ulibaki kwa kila mji. Kwa hiyo pitisheni azimio mapema, linalompa mkutubi mkuu uwezo wa kufunga siku hiyohiyo hatari inapojitokeza, na kuitaka bodi ikutane ndani ya muda uliotajwa ili kuthibitisha au kubadili hatua hiyo. Hakikisheni pia kwamba kanuni zenu zinaruhusu akidi, yaani idadi ya wajumbe inayotakiwa ili kikao kiwe halali, kupatikana kwa simu au intaneti pale sheria ya jimbo inapokubali, na kwamba wananchi wanaweza kukifuatilia kikao, maana bodi isiyoweza kukutana haiwezi kuidhinisha hata ununuzi wa barakoa.

Kuhusu fedha, nawasihi muwe waangalifu. Milango ikifungwa, wazo la kwanza huwa kuhamishia kila kitu kwenye vitabu vya kidijitali, lakini maktaba hainunui vitabu hivyo kama inavyonunua vya karatasi. Kwa wachapishaji wakubwa, mara nyingi inalipia leseni inayokwisha baada ya miaka 2, kwa bei inayozidi ile anayotozwa msomaji wa kawaida. Fedha zote zikienda huko, mwisho wa leseni mtabaki na rafu tupu. Tengeni sehemu yake kwa huduma ya mlangoni: msomaji anapiga simu, anataja namba ya kadi yake, mtumishi anatia vitabu kwenye mfuko wa karatasi wenye jina lake na kuuweka juu ya meza iliyo nje, kisha anarudi ndani kabla mwenyewe hajasogea.

Mtumishi huyo ndiye ninayemfikiria zaidi. Yeye ndiye anayekabiliana na anayekataa barakoa, na ndiye anayeulizwa kwa hasira kwa nini chumba cha kusomea kimefungwa. Bodi iandike wazi kwamba kanuni ni za bodi, si za mtumishi, itangaze kwa jina lake yenyewe, na ieleze tangu sasa kama mtumishi aliyezuiliwa kufika kazini ataendelea kulipwa.

Jambo jingine ni intaneti. Tarehe 23 Machi 2020 chama hichohicho kilizihimiza maktaba ziache Wi-Fi ikiwa wazi hata majengo yakiwa yamefungwa, na siku hiyohiyo Tume ya Mawasiliano ya Marekani ilifafanua kwamba maktaba zinazopata ruzuku ya intaneti zinaruhusiwa kufanya hivyo. Wanafunzi wasio na intaneti nyumbani walifanya kazi za shule ndani ya magari ya wazazi wao, kwenye maegesho ya maktaba. Idhinisheni mapema kifaa cha kufikisha mawimbi hadi maegeshoni, pamoja na taa za usiku.

SWALI: Mpango wetu unaagiza kila kitabu kinachorudishwa kitengwe kwa saa 72. Je, tukibakize kifungu hicho?

JIBU: Kiondoeni, msikiache kama kilivyo. Saa hizo zinalingana na majaribio ya mradi wa REALM, uliochunguza virusi vya korona kwenye vifaa vya maktaba na kuhusisha OCLC, shirika la ushirikiano wa maktaba, pamoja na maabara ya Battelle, ambao mwezi Juni 2020 ulionyesha kwamba virusi havikugunduliwa tena kwenye majalada na kurasa baada ya siku 3. Majaribio ya baadaye yakaonyesha kuwa vitu vikirundikwa, virusi bado vilionekana baada ya siku 6. Kisha Aprili 2021 CDC, taasisi ya kudhibiti magonjwa ya Marekani, ilieleza kwamba hatari ya kuambukizwa korona kwa kugusa vitu ni ndogo. Maradhi yajayo yanaweza kuwa na tabia nyingine kabisa. Andikeni kwamba utengaji utafuata maelekezo ya mamlaka za afya, na kwamba mkutubi mkuu anaweza kuubadilisha bila kungoja kikao.

SWALI: Je, haya yanatuhusu sisi wa Morogoro?

JIBU: Yanawahusu, ila kwa namna nyingine. Tanzania Bara ina bodi moja ya kitaifa, iliyoanzia katika sheria ya mwaka 1963 na kuundwa upya kwa sheria ya mwaka 1975, nayo ndiyo inayosimamia maktaba za mikoa. Agizo moja linaweza kufika kote kwa haraka, ingawa hali ya Morogoro huenda isifanane na ya Kigoma, hivyo ni vyema wakutubi wa mikoa waachiwe nafasi ya kuamua. Wasomaji wengi wa maktaba zetu ni wanafunzi wanaokuja na madaftari yao wenyewe, wakitafuta kiti, mwanga na utulivu, mambo ambayo kitabu cha kidijitali hakiwapi. Hapa bodi ingeanza na viti: vipunguzwe vingapi, zamu ya kusoma iwe ya saa ngapi, na watahiniwa watengewe nafasi zipi mitihani inapokaribia.