Mavazi na vifaa vya doria Nyanda za Juu Kusini: anza na unyevu

Doria nyingi za misitu huku kwetu hukatishwa na baridi ya nguo mbichi. Kijana ana nguvu, njia anaijua, panga lake linakata, lakini ikifika saa kumi jioni meno yanagongana na hawezi tena kufunga kamba za buti. Makala haya ni kwa walinzi wa misitu ya vijiji, wajumbe wa kamati za maliasili na vijana wanaozunguka mashamba ya miti, kuanzia Rungwe na Kitulo hadi Mufindi na Kilolo. Wengi wao hujinunulia kila kitu kwa fedha zao, tena mitumbani, kwa hiyo ni haki yao kujua wanachokilipia.

Kwanza elewa mlima. Kila unapopanda mita 1,000, hewa hupoa kwa nyuzi 6 hivi. Tukuyu iko karibu mita 1,600 na kilele cha Rungwe ni mita 2,960. Siku ambayo Tukuyu pana nyuzi 20, kule juu tegemea 12, na hapo hujahesabu upepo wala ukungu. Uwanda wa Kitulo uko kwenye mita 2,600 hivi, na kati ya Juni na Agosti majani huamkia sakitu, yaani umande ulioganda. Mvua nazo huanza Novemba na kuendelea hadi Mei, na upande wa Rungwe hata kiangazi hakikauki sawasawa. Nguo iliyolowa hunyonya joto la mwili haraka mno kuliko hewa kavu, ndiyo maana mtu anaweza kuzidiwa na baridi kwenye nyuzi 10 tu, akiwa amelowa na upepo unampiga.

Kwa hiyo kanuni inayobeba mengine yote ni hii: nguo za kutembelea na nguo za kulalia zisikutane. Seti ya kulalia ni fulana moja, suruali ya trakisuti, soksi nene na boshori. Inakaa ndani ya mfuko usiopitisha maji na haitoki mpaka umefika kambini, turubai limefungwa na kazi ya kutembea imekwisha. Asubuhi unaivua, unairudisha mfukoni, unavaa tena zile mbichi. Ni kazi ngumu, hasa alfajiri ya Kitulo, lakini baada ya dakika kumi za kutembea mwili unazipasha. Anayeona uvivu na kuondoka na nguo za kulalia, saa nne atakuwa na seti mbili zilizolowa na usiku mrefu mbele yake.

Nguo inayogusa ngozi isiwe pamba. Fulana ya pamba hunyonya jasho na kukaa nayo siku nzima. Jezi ya mpira ya polista, ile nyepesi ya mitumba, hukaukia mwilini ukiwa unatembea. Rangi kali kama nyekundu na njano huonekana mbali, basi ivaliwe ndani au chagua ya kijani kibichi au kijivu. Juu yake vaa shati la mikono mirefu, na sweta libaki kwenye begi. Watu huanza kupanda wakiwa wamejifunika kwa sababu asubuhi ni baridi, na kufika katikati ya kilima wameshalowesha sweta kwa jasho lao wenyewe. Anza ukisikia baridi kidogo. Sweta livaliwe mnaposimama kupumzika au kuvizia, livuliwe mnapoondoka.

Sweta bora ni la sufu, maana sufu hupasha hata ikiwa na unyevu. Shida ni kwamba kwenye masoko kama Mwanjelwa ya Mbeya au Mashine Tatu ya Iringa, sufu na akriliki, yaani uzi wa kiwandani unaoiga sufu, zinaning'inia kamba moja na kwa macho zinafanana. Tazama kwanza kitambulisho cha shingoni. Kama kimekatwa, omba kuchomoa uzi mmoja kwenye upindo wa ndani, sogea pembeni, uwashe. Sufu hunuka nywele zilizoungua, huzimika yenyewe, na huacha jivu linalosagika vidoleni. Akriliki huyeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi. Sufu ukishaipata, ifue kwa maji ya baridi na uianike kivulini ikiwa imelazwa. Ukiifua kwa maji ya moto itajikunja ibaki ya mtoto.

Suruali ya jinsi iache nyumbani. Ikilowa inakuwa nzito, inakwangua mapaja, na haikauki hata kwa siku mbili. Tafuta kadeti iliyochanganywa pamba na polista. Ukiijaribu, inua goti mpaka usawa wa kiuno kisha uchuchumae. Ikikubana popote, porini itapasuka hapo hapo. Mpelekee fundi cherehani aongeze kiraka cha magotini na makalioni na kurudia mshono wa kati mara mbili. Mifuko ya pembeni ifungwe kwa vifungo. Vile vibandiko vya kunata hupiga kelele vinapofunguliwa, na kelele ya namna hiyo haina asili msituni.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hawaambiwi. Nasaha hizi za polista zinageuka kabisa mnapoenda kwenye moto. Kwenye misitu ya kupandwa kama Sao Hill, miezi ya kiangazi doria huweza kugeuka kuzima moto bila taarifa. Polista na nailoni huyeyuka na kunata kwenye ngozi, na jeraha lake ni baya kuliko la pamba iliyoungua. Msimu huo vaa pamba nzito au sufu kuanzia ndani hadi nje, mikono mirefu, buti za ngozi, na kitambaa cha pamba shingoni. Gambuti na jaketi la nailoni visikaribie mstari wa moto.

Sasa miguu, na hapa sitafupisha, kwa sababu doria ni miguu.

Gambuti zinapendwa kwa bei yake na kwa mabonde yenye maji. Kwa mzunguko wa nusu siku kwenye vinyungu, yaani bustani za mabondeni, na kingo za mito zinafaa. Kwa kupanda na kushuka zina hasara tatu: kisigino kinacheza ndani, kifundo hakishikwi, na jasho halina pa kutokea, hivyo mguu unalowa bila hata kukanyaga maji. Raba ni nyepesi na hukauka upesi, lakini haimkingi mtu na kisiki, mwiba wala kifutu, nyoka anayelala kimya njiani na ambaye mara nyingi huuma chini ya goti. Kwa doria ya siku mbili na zaidi chagua buti la ngozi linalopita kifundo.

Nenda kununua mchana au jioni, maana miguu huvimba kidogo kadiri siku inavyokwenda. Beba soksi utakazovaa. Kabla ya kufunga kamba, sukuma vidole mpaka viguse mbele. Nyuma ya kisigino panatakiwa kuingia kidole kimoja. Kisha funga kamba, simama kwenye ngazi au kwenye mteremko ukitazama chini. Vidole vikigonga mbele, liache hata kama ni zuri, kwa sababu kushuka kutoka Rungwe kutakung'oa kucha.

Buti za mitumba zina mtego mmoja mbaya. Juu linang'aa kama jipya, lakini soli imezeeka ghalani. Ile soli ya kati nyepesi, yenye povu, huoza kwa unyevu wa hewa hata bila kuvaliwa. Ikandamize kwa ukucha wa dole gumba: ikibonyea na kubaki na alama, au ikitoa unga, itabanduka porini yote kwa mkupuo. Likunje buti pia. Soli iliyoshonwa kuzunguka ukingo ni bora kuliko iliyogundishwa tu, na fundi viatu anaweza kuishonea iliyogundishwa kabla haijafunguka. Mwambie atumie uzi wa nailoni uliopakwa nta.

Livae buti jipya wiki mbili za shughuli za nyumbani kabla ya kulipeleka msituni. Lipake mafuta yenye sehemu moja ya nta ya nyuki na mbili za mafuta ya ng'ombe, yaliyoyeyushwa pamoja na kupoa mpaka vuguvugu, ukikazania mishono na pale ulimi unapoungana na pembeni. Likilowa, usilianike kando ya moto. Ngozi inapasuka na gundi inaachia. Toa kile kisoli cha ndani, jaza magazeti au maganda makavu ya mahindi, badilisha baada ya saa moja au mbili, uliache penye upepo.

Soksi ni jozi tatu: mbili za kutembelea zinazopokezana na moja ya kulalia. Ukisikia sehemu inaanza kuchoma, simamisha kundi hapo hapo. Kausha, bandika plasta ya kitambaa iliyolala bila mkunjo, vaa soksi kavu. Dakika tano hizo ndizo zinazookoa siku ya pili. Lengelenge likishajaa maji, usilipasue kama unaweza kulikinga. Chomeka suruali ndani ya soksi, kwa ajili ya siafu na kupe.

Kuhusu koti la mvua, usilitegemee kupita uwezo wake. Ukiwa unapanda ndani ya koti la plastiki utalowa kwa jasho vilevile. Katika mvua nyepesi huku mnatembea, jezi na shati vinatosha. Koti ni la mvua kubwa, upepo, na mnaposimama. Poncho, lile vazi la mvua kama shuka lenye tundu la kichwa, hufunika na begi, na kwa msitu wenye njia pana inafaa, lakini hushika kila mwiba kwenye kichaka, na uwanda wa Kitulo upepo huigeuza tanga. Ukinunua jaketi la mitumba, ligeuze ndani nje. Utepe uliobandikwa juu ya mishono ukiwa umeanza kubanduka, au kitambaa cha ndani kikibambuka magamba, maji yatapita. Lisugue sikioni pia. Linalolia kama karatasi litawapa taarifa wakata mbao kabla hamjafika.

Rangi: kahawia, kijani iliyofifia, kijivu. Mkishuka upande wa Usangu na Ruaha epukeni bluu na nyeusi, maana mbung'o huvutwa na rangi hizo, na ndiyo sababu mitego yake hutengenezwa kwa vitambaa vya bluu na nyeusi. Nguo za mabaka ya jeshi zisikushawishi. Raia haruhusiwi kuzivaa, na mwaka 2023 Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) lilitoa siku saba kwa raia wenye mavazi yanayofanana na ya jeshi kuyasalimisha. Zaidi ya sheria, mtu mwenye mabaka na panga porini anaweza kudhaniwa jangili na kikosi kingine. Beba kizibao cha kuakisi mwanga ndani ya begi, cha kuvaa mnapokutana na askari wa hifadhi au mnapotembea barabarani usiku, na kitambulisho cha kamati kikae mfuko wa shati.

Begi la lita 30 hadi 40 linatosha kwa usiku mmoja au miwili. Uzito wote usizidi robo ya uzito wako. Mtu wa kilo 64 asipite kilo 16, na kilo 13 ni bora zaidi. Kwa kinga ya ndani, hakuna kinachoshinda ule mfuko wa nailoni unaokaa ndani ya kiroba cha mbolea cha kilo 50. Uoshe mara tatu na uukaushe kabisa, kwa kuwa mabaki ya mbolea huvuta unyevu na kutafuna mishono. Weka kila kitu ndani yake, sokota mdomo, ukunje, ufunge. Vizito vikae karibu na mgongo. Sufuria na vijiko vifungwe kwa kitambaa, panga liwe kwenye ala. Halafu ruka mara tatu papo hapo kabla ya kuondoka. Kinacholia, kipange upya. Chupa ya maji iliyojaa nusu nayo hulia, kwa hiyo bebeni chupa mbili za lita moja mkimaliza moja kwanza. Maji ya mto yachemke yakitokota dakika moja, na dakika tatu mkiwa juu ya mita 2,000.

Usiku, ardhi hunyonya joto kuliko hewa. Blanketi mbili zote juu ni kosa. Moja iende chini. Afadhali zaidi, beba kiroba kitupu ukijaze majani makavu. Turubai la mita 3 kwa 4 na kamba ya mita 15 hufunika watu watatu, upande wa upepo ukishushwa hadi chini.

Tochi ya kichwani yenye taa nyekundu, betri za akiba zikiwa mfuko wa ndani karibu na mwili kwa sababu baridi huzichosha. Simu kubwa ya ramani izimwe mpaka inapohitajika, na simu ya kitochi iwe ya mawasiliano. Filimbi kila mtu, milio mitatu ni wito wa msaada. Bandeji mbili za upana wa sentimita 10, plasta, glavu, na chumvi ya kunywa mtu anapohara (ORS). Mwenzako akianza kujikwaa, kunong'ona maneno yasiyoeleweka na kusema hasikii baridi, msimbishie. Mvueni mbichi, mvisheni kavu, mpeni chai ya moto yenye sukari akiwa na uwezo wa kumeza.

Kamati yenye fedha kidogo inunue kwa mpangilio huu: buti na soksi kwanza, kisha turubai, halafu tochi. Sare yenye nembo isubiri.