Maswali ya Wasomaji: Kitenzi Hufuata Nomino Ipi?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Katika zoezi la kusahihisha sentensi za Kiingereza tulipewa hii: "The quality of the potatoes from Njombe have improved." Kwa nini "have" ni kosa, ilhali viazi ni vingi? Na je, "She likes picking tea, cooking and to read" ina kasoro gani?
Mwanafunzi wa kidato cha nne, Mbeya

JIBU: Marahaba, mwanangu. Viazi ni vingi kweli, lakini havitawali kitenzi; neno kuu la kiima ni "quality", nomino ya umoja, na maneno yote kuanzia "of" hadi "Njombe" yanaifafanua tu, hivyo andika "has improved". Kanuni hii unayo tayari katika Kiswahili, kwani husema "ubora wa viazi umeongezeka", wala husemi "vimeongezeka", ingawa viazi ndivyo vilivyo jirani na kitenzi. Vivyo hivyo, "together with" haigeuzi umoja kuwa wingi: "The teacher, together with her pupils, is going to Tukuyu." Jihadhari zaidi na "neither... nor", ambayo katika Kiingereza sanifu cha mitihani hukifanya kitenzi kifuate kiima kilicho karibu nacho: "Neither the driver nor the passengers were hurt", lakini "Neither the passengers nor the driver was hurt."

Sentensi yako ya pili imevunja ulinganifu, kwa kuwa mambo yanayoorodheshwa pamoja hupaswa kuwa na umbo moja la kisarufi. Badilisha "to read" iwe "reading".