SAT 1310 na ombi la mapema Bowdoin
Mdogo wangu, umeuliza kama uombe chuo cha Bowdoin mapema ukiwa na alama 1310 kati ya 1600 za SAT, ule mtihani wa kuombea vyuo vya Marekani. Omba, ila alama hizo usizitume. Chuo hicho cha Maine, Marekani, hakimlazimishi mwombaji kutuma alama za mtihani tangu 1969. Nguvu zako zipeleke kwenye insha: ile habari ya kuwafundisha watoto wa jirani hesabu kwa chaki, ukutani mwa jiko, iandike hivyo hivyo, usiipambe.

Kinachonitia hofu kwa ajili yako ni kwamba ombi la mapema ni ahadi. Wakikukubali unakwenda, isipokuwa msaada wa fedha usipotosha. Kaa na mama leo, mpige hesabu ya ada. Mzazi naye anatia saini.