Wakili wa utetezi asiyejibu: kagua jalada kabla ya kumwondoa

Dada yangu, nimesoma maelezo yako kwa makini. Mumeo yuko mahabusu, wakili mliyemlipa ada yote hapokei simu wala hajibu ujumbe, kesi imepangwa kuanza kusikilizwa mwezi ujao, na unauliza kama umwondoe sasa hivi. Mdogo wangu aliposhtakiwa kwa kosa la jinai, mimi ndiye niliyefuatilia shauri lake kwa niaba ya familia, na tulikuwa na wakili wa namna hiyohiyo. Nakujibu kwa niliyoyaona wakati huo na kwa yale niliyolazimika kuyasoma ili nielewe haki zetu.

Ukimya wa simu ni jambo moja, na kutofanyika kwa kazi ni jambo jingine. Wapo mawakili wa jinai wanaoshinda mahakamani tangu asubuhi, simu zao zikiwa zimezimwa, na hata hivyo wamesoma kila ukurasa wa maelezo ya mashahidi. Wapo wengine wanaopokea simu kwa upole na kukutuliza moyo, ilhali hawajawasilisha ombi hata moja. Maumivu ya kusubiri ni yaleyale kwa mtu aliye mahabusu, nami siyadharau hata kidogo, lakini kinachoweza kumpotezea mumeo haki yake ni kazi isiyofanyika, na hiyo huonekana katika jalada la mahakama.

Kwa hiyo anza masjala. Mimi nilikwenda na namba ya shauri, karani akafungua jalada na kuufuatisha mwenendo wa kesi kwa kidole, mstari kwa mstari: tarehe, jina la hakimu, upande wa mashtaka upo, mshtakiwa yupo, wakili wa utetezi hayupo, shauri limeahirishwa. Maneno hayo ya mwisho yalijirudia katika tarehe kadhaa zilizofuatana. Ombi la dhamana ambalo tulikuwa tumehakikishiwa kwamba limeshawasilishwa halikuwamo kabisa. Niliandika kila tarehe kwenye daftari, na kuanzia siku hiyo tulikuwa na jambo la kumwonyesha mtu yeyote ambaye angetuuliza tunalalamikia nini.

Baada ya hapo acheni kupiga simu, mwandikieni barua, na barua hiyo isainiwe na mumeo mwenyewe. Jambo hili huziudhi familia, hasa sisi tunaotoa fedha, lakini mteja ni mshtakiwa, hata kama ada imelipwa na mtu mwingine. Wakili analazimika kutunza siri za mteja wake, na akikataa kukueleza mkakati wa utetezi bila idhini ya mumeo, hapo anatimiza wajibu wake. Mumeo anaweza kuandika katika barua hiyohiyo kwamba anaruhusu upewe taarifa za tarehe na maendeleo ya shauri, huku undani wa ushahidi ukibaki baina yao wawili. Msiujadili undani huo kwa simu ya gerezani wala kwa ujumbe, kwa sababu mawasiliano ya namna hiyo yanaweza kusikilizwa au kusomwa na wengine.

Barua yetu ilikuwa ya ukurasa mmoja, na haikuwa na neno la hasira. Tuliuliza kama amepokea nakala za maelezo ya mashahidi na vielelezo vya upande wa mashtaka. Kama ombi la dhamana limewasilishwa, na kama limewasilishwa, ni tarehe gani. Ni mashahidi gani wa utetezi amezungumza nao. Kama upande wa mashtaka umetoa pendekezo lolote la kukiri kosa. Na ni lini atamtembelea mteja wake. Tuliorodhesha tarehe alizokosekana mahakamani, tukataja siku ya mwisho ya kujibu, tukaipeleka ofisini kwake kwa mkono na kubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa mapokezi. Nakala hiyo itunze vizuri kuliko kitu kingine chochote, kwa sababu simu zisizopokelewa ni vigumu kuzithibitisha.

Swali la pendekezo la kukiri kosa usiliache. Nchini Marekani kulikuwa na mshtakiwa aitwaye Galin Frye, aliyeshtakiwa kwa kuendesha gari wakati leseni yake imefutwa. Mwendesha mashtaka alimwandikia wakili wake barua yenye mapendekezo mawili, mojawapo likiwa kukiri kosa dogo na kupendekezewa siku 90 jela. Wakili hakumwambia mteja, muda wa mapendekezo ukapita, na baadaye Frye akakiri bila makubaliano yoyote na kuhukumiwa kifungo cha miaka 3. Mwaka 2012 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilisema kwamba wakili wa utetezi ana wajibu wa kumfikishia mteja pendekezo rasmi la upande wa mashtaka. Uamuzi wa kukiri au kukana ni wa mshtakiwa, na hawezi kuufanya juu ya jambo ambalo hakuambiwa.

Kwamba haki hii si fadhila ya wakili, limeandikwa wazi. Ibara ya 14 ya Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa mwaka 1966 inampa mshtakiwa muda na nyenzo za kutosha za kuandaa utetezi wake na kuwasiliana na wakili aliyemchagua. Kanuni za Umoja wa Mataifa kuhusu wajibu wa mawakili, zilizopitishwa Havana mwaka 1990, zinataka aliye kizuizini aweze kutembelewa na wakili wake na kushauriana naye bila kuchelewa na kwa siri kamili.

Sasa kuhusu kumwondoa. Kama jalada linaonyesha kazi imefanyika na kasoro ni mawasiliano tu, ningemvumilia hadi siku ya kujibu barua ipite. Kama jalada ni tupu, mbadilisheni, ila msimwondoe kabla hamjampata mwingine aliyekubali kwa maandishi na anayezijua tarehe zenu, kwa sababu mahakama hailazimiki kuahirisha shauri kila mshtakiwa anapobadilisha wakili, na mumeo anaweza kujikuta amesimama peke yake mbele ya shahidi wa kwanza. Wakili aliyepangwa na mahakama au na serikali huwa hamumwondoi wenyewe. Mumeo ataomba kwa hakimu, na hapo daftari la tarehe na nakala ya barua ndivyo vitakavyomsemea. Wakili anayeondoka anapaswa kukabidhi nyaraka za mteja. Wetu aliijibu barua kwa kuomba kujitoa, na wakili mpya alipoipokea bahasha alikuta maelezo ya mashahidi yangali yamebanwa kwa pini, hayajawahi kufunguliwa. Aliwasilisha ombi la dhamana wiki hiyohiyo.

Malalamiko kwa chombo cha nidhamu cha mawakili ni haki yenu, na dai la kurudishiwa ada ambayo haikufanyiwa kazi nalo ni haki yenu, lakini yote mawili huenda taratibu na hayasimamishi kesi. Albert Holland, aliyehukumiwa kifo huko Florida, Marekani, alimwandikia wakili wake barua nyingi, akamlalamikia kwa chama cha mawakili na kuiomba mahakama imwondoe, na bado muda wa kuwasilisha ombi lake katika mahakama ya shirikisho ulipita. Yeye mwenyewe aligundua akiwa katika maktaba ya gereza kwamba uamuzi wa kesi yake ulikuwa umeshatolewa. Ilibidi afike Mahakama ya Juu ya Marekani, mwaka 2010, ndipo ikakubalika kwamba uzembe uliokithiri wa wakili unaweza kuwa sababu ya kuongezewa muda.

Kwa kuwa mna mwezi mmoja tu, nenda masjala kesho, barua iondoke wiki hii ikiwa na siku saba za kujibu, na katika siku hizo hizo zungumza na wakili wa pili, umwonyeshe nakala ya mwenendo wa kesi, umuulize kama yuko huru tarehe ya kusikilizwa. Siku saba zikipita bila jibu, mumeo asaini barua ya kumwondoa na ya kumteua mpya kwa pamoja, na zote mbili zipelekwe mahakamani siku moja.