Vitabu vya fasihi Kidato cha Tatu: chagua kwa jozi

SWALI: Shikamoo, Mwalimu. Mimi ni ajira mpya, nafundisha Kiingereza Kidato cha Tatu katika shule ya kata. Wanafunzi wangu waliingia Kidato cha Kwanza 2023. Stoo ina nakala chache za vitabu vya fasihi, na wenzangu ofisini wanasema nisihangaike navyo kwa kuwa mtaala umebadilika. Nichague vipi?

JIBU: Marahaba. Mtaala umebadilika kweli, ila si kwa hao ulio nao. Ulioboreshwa ulianza na Kidato cha Kwanza walioingia baada ya wako, na unapanda nao darasa kwa darasa. Wako wametangulia, kwa hiyo wanamaliza na muhtasari (mwongozo wa mada za somo) walioanza nao. Shule yenu itakuwa na mihtasari miwili kwa wakati mmoja. Andika mwaka wa kuingia juu ya kila azimio la kazi, yaani mpango wako wa kufundisha, maana haya mambo ya kuazimana maazimio ofisini ndiyo yanayoleta vurugu.

Angalia pia namba ya somo. Kiingereza wanachosoma wote ni 022. Literature in English ni somo jingine, 024. Madesa ya mitaani, yaani notisi za mkato za kukariri, huchanganya vitabu vya huku na kule bila aibu. Chukua mitihani iliyopita ya 022 ya NECTA, Baraza la Mitihani la Tanzania: orodha ya vitabu imechapwa humo humo kwenye karatasi.

Sasa uchaguzi wenyewe. Swali la fasihi kwa kawaida halimuulizi mtoto habari za kitabu kimoja. Linampa mada, tuseme nafasi ya mwanamke au mgongano wa mila na usasa, kisha linamtaka atetee hoja kwa vitabu viwili alivyosoma. Kwa hiyo kitabu kuwa chepesi hakutoshi. Tafuta viwili vinavyogombania jambo moja.

Kwa tamthiliya, mimi siachi Three Suitors: One Husband ya Oyono-Mbia na The Lion and the Jewel ya Soyinka. Zote mbili zinazunguka mahari, lakini wasichana wenyewe wamesimama pande tofauti. Juliette, msichana wa Oyono-Mbia, amerudi kijijini kutoka shule na kukuta wazee wameshapokea faranga 100,000 za mchumba aitwaye Ndi, kisha 200,000 za Mbia mtumishi wa serikali, naye hakuulizwa. Anakataa kuuzwa. Kwa Soyinka, Sidi wa kijiji cha Ilujinle ndiye anayeng'ang'ania mahari. Lakunle anayemchumbia, mwalimu mwenye Kiingereza kingi, anaona ni ushenzi na hataki kulipa. Sidi anaogopa watu watasema hakuwa bikira.

Uliza darasa: kati ya hawa wawili, nani anatetea heshima yake? Waache wabishane hata kwa Kiswahili dakika kumi, halafu waandike aya moja kwa Kiingereza. Mwanafunzi aliyekariri kwamba mahari ni mbaya atakwama kwa Sidi, na hapo ndipo ataanza kusoma kitabu chenyewe. Mkumbushe pia kwamba Juliette anaziiba fedha za hao wachumba wawili ili Oko, mpenzi wake, alipie mahari. Mila haikuvunjwa, ilichezewa. Hoja kama hiyo inamtofautisha na aliyemeza desa.

Riwaya: Unanswered Cries ya Osman Conteh na Passed Like a Shadow ya Bernard Mapalala. Ni fupi na Kiingereza chake hakitishi. Katika ya kwanza, Olabisi anapambana na ukeketaji ambao mama yake mwenyewe anautaka. Katika ya pili, familia ya Adyeeri inateketezwa na UKIMWI. Mada ya makosa ya wazazi inaziunganisha vizuri.

Ushairi usiuogope. Building the Nation wa Henry Barlow na A Freedom Song wa Marjorie Oludhe Macgoye vinakutosha kwa kuanzia: dereva anayeshinda njaa wakati bosi wake anakula kuku, na Atieno anayefanya kazi kwa ndugu bila malipo.

Kuhusu nakala chache: tamthiliya zisomeni darasani kwa kugawana wahusika, nakala moja kwa kundi inatosha. Riwaya inahitaji kusomwa nyumbani, kwa hiyo mkuu wa shule akikupa fedha, nunua riwaya kwanza. Na kwa hao wa mtaala mpya wanaokuja nyuma, usinunue kitu kabla ya kusoma muhtasari wao kutoka Taasisi ya Elimu.